Mjueni Daktari Frank Njenga, Mjue na Haki ya Mgonjwa wa Akili

(Mazungumzo na vijana, Lamu. Wengi mlituma ujumbe kuwa hamkuwahi kufika, mashua zilichelewa. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nikaongeza machache.)



Ndugu zangu, dada zangu, wa hapa mjini na mliovuka kutoka Matondoni, Shela, Faza na Kizingitini, ahsanteni kwa kuja. Najua wengine mmeacha kazi. Mvuvi akiacha bahari siku ya bahari nzuri kuja kusikiliza maneno, basi maneno yenyewe yawe na faida. Nitajitahidi.

Mmezoea tukikutana hapa tunazungumzia watu waliochukuliwa, vitambulisho, ardhi, bandari. Leo nimekuja kuwatambulisha mtu. Hayupo ukumbini, msigeuke kutazama mlangoni. Yeye hanijui mimi. Lakini mimi namjua kwa kazi yake, na nataka mkitoka hapa nanyi mmjue. Anaitwa Daktari Frank Njenga. Ni daktari wa magonjwa ya akili.

Nimewasikia mkicheka pale nyuma. Ndiyo, daktari wa wazimu. Chekeni, mimi mwenyewe nilikuwa nacheka. Nitawaambia niliacha lini.

Kwanza mtu mwenyewe. Daktari Njenga ni Mkenya, si mtu wa Pwani. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Nairobi, akaenda London kubobea katika magonjwa ya akili, na ana hadhi ya juu katika chuo cha kifalme cha madaktari wa akili cha Uingereza. Angeweza kubaki huko. Alirudi. Amekuwa rais wa jumuiya ya madaktari wa akili na wataalamu wenzao barani Afrika, chama kinachowaleta pamoja watu wa fani hiyo kutoka nchi mbalimbali. Alikuwa mmoja wa wahariri wa kitabu cha kufundishia magonjwa ya akili kilichotungwa kwa ajili ya Afrika kusini mwa Sahara, ili daktari wa huku asisome mifano ya mgonjwa wa Ulaya peke yake. Alianzisha hospitali ya magonjwa ya akili Nairobi, ile ya Chiromo. Na amewahi kuwa mwenyekiti wa NACADA, shirika la taifa la kupambana na ulevi na mihadarati.

Hayo ni mambo ya kuandikwa kwenye karatasi ya mgeni rasmi. Mtu hapimwi kwa vyeo. Nataka muangalie mambo matatu aliyoyafanya, na kila moja nitawaonyesha linavyotugusa sisi Waamu.

La kwanza ni tarehe 7 Agosti 1998. Ilikuwa Ijumaa, asubuhi. Wengi humu hamjazaliwa. Bomu lililipuka nje ya ubalozi wa Marekani, katikati ya Nairobi. Watu 213 wakafa Nairobi na maelfu wakajeruhiwa, na siku hiyohiyo watu 11 wakafa Dar es Salaam. Waliokufa wengi sana walikuwa Wakenya wa kawaida: makarani, wapita njia, abiria. Wengi walipoteza macho, kwa sababu walisikia mlio wa kwanza wakakimbilia madirishani kutazama, na mlipuko mkubwa ukawakuta na vioo usoni.

Siku zile nchi nzima ilikuwa ikihesabu maiti na majeruhi. Ni nani aliyekuwa akimhesabu karani aliyetoka bila hata mchubuko, lakini akawa hawezi tena kupanda ngazi za jengo refu? Mama ambaye kila mlango ukibamizwa anajitupa chini? Mtu wa namna hiyo watu humwambia, shukuru Mungu umepona. Daktari Njenga na wenzake walisema, huyu hajapona. Wakaanzisha mpango ulioitwa Operation Recovery, au tuseme kwa maana yake, mpango wa kuwarudisha watu katika hali yao, na yeye akawa kiongozi wake. Walikusanya washauri, wakawasikiliza watu.

Halafu wakafanya jambo ambalo sisi wanaharakati mara nyingi tunalisahau: waliandika. Waliwauliza Wakenya zaidi ya 2,800, kati ya mwezi mmoja na miezi mitatu baada ya mlipuko, nini kinawapata. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004 katika jarida la madaktari wa akili la Uingereza. Kiasi cha watu 35 katika kila 100 walikuwa na dalili za kiwewe: kukosa usingizi, kuliona tukio upya kama linatokea sasa hivi, kushtuka ovyo, kujitenga na watu.

Mimi niliisoma karatasi hiyo nikiwa chuoni, nikisomea stashahada ya maendeleo ya jamii. Kuna mahali wanaeleza ni nani aliyeumia zaidi rohoni. Wanawake. Wasio na ndoa. Waliosoma kidogo. Aliyefiwa. Aliyejeruhiwa. Aliyeharibikiwa kimapato baada ya tukio. Na mmoja zaidi: yule ambaye hakuwa na rafiki wa kumweleza yaliyomkuta, au alikuwa naye na hakumweleza. Hapo nilifunga kitabu. Nitarudi hapo.

Mtaniuliza, bomu la Nairobi lina nini na sisi? Mnajua lina nini. Mtu aliyetajwa kuwa mpangaji mkubwa wa shambulio lile, Fazul Abdullah Mohammed wa Comoro, alikuja baadaye kujificha Siyu, kisiwani Pate, kabla ya shambulio la Kikambala la Novemba 2002. Alikuja kwa jina lingine, akaoa, akaishi kama mtu mwema wa mtaa. Msako ulipofika, haukumpata yeye. Uliwakuta wenyeji. Jeraha lile moja lina ncha mbili, moja Nairobi na moja Pate. Ncha ya Nairobi ilipata madaktari wa kuisikiliza. Ya kwetu tuliambiwa tunyamaze, na tukanyamaza vizuri sana.

Halafu ukaja mwaka 2014. Huo mnaukumbuka. Juni, Mpeketoni, watu zaidi ya 60 wakauawa kwa siku mbili, na vijiji vya jirani vikafuatia. Julai ikaja kafyu. Uvuvi wa usiku ukasimamishwa. Mwaka uliofuata ikaanza Operesheni Linda Boni. Kuna wajane Mpeketoni walioona waume zao wakiuawa. Kuna watu wa Boni waliohama makwao. Kuna wavuvi waliokaa ufukweni wakitazama bahari kama mtu anayetazama duka lililofungwa. Kuna mama ambaye mwanawe alitoka na hakurudi, na kaburi hana. Wote hao ni Waamu, Waislamu na Wakristo. Na wote hao tuliwauliza mambo mengi: mlikuwa wapi, mliona nini, ni nani alifanya. Ni wangapi tuliwauliza, je, unalala?

Sasa niwaambie kwa nini niliacha kucheka.

Nina ndugu yangu, mtoto wa ami yangu. Ameniruhusu niseme, ila jina nisitaje. Alikuwa mvuvi wa usiku, na baharini hana mfano. Kafyu ilipokuja akakosa kazi. Kisha usiku mmoja walikuja watu nyumbani, hawakujitambulisha, wakamchukua. Siku tisa hatujui yuko wapi. Siku ya kumi akaonekana njiani, anatembea. Tukachinja, tukasoma, tukasema alhamdulillahi, amerudi.

Hakurudi. Mwili ulirudi. Alikaa chumbani na dirisha amelifunga kwa godoro. Akisikia viatu nje anaingia chini ya kitanda, mwanamume mzima. Bibi yetu alikuwa wa kwanza kuona. Alisema, "Mtoto huyu una yambo." Sisi wengine tulisema, ni uchovu. Baadaye tukasema, ni pepo. Tukampeleka kwa mtaalamu mmoja, pesa zikaenda, mbuzi akaenda. Baadaye tukasema, ni bangi. Alipoanza kupiga kelele usiku, majirani wakalalamika, tukakaa kikao cha familia tukaamua afungwe kamba, asije akadhuru watu.

Kamba nilileta mimi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Niliikata kwenye mashua yake mwenyewe.

Na kamba ileile, siku alipoweza kuifungua, ndiyo aliyotaka kujitolea uhai nayo. Mungu hakuandika. Tulimwahi, tukamkimbiza hospitali moja, wakamtibu shingo. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kisha kutoka kitandani akapelekwa seli, kwa sababu kujaribu kujiua wakati ule lilikuwa kosa la jinai katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 226, kifungo hadi miaka miwili. Hebu fikirini. Mtu kaugua kwa sababu ya kufungiwa chumbani na watu asiowajua, na dawa yake ikawa kufungiwa tena.

Yalinichukua miaka kuelewa kuwa ule haukuwa mkosi wa familia yetu. Ulikuwa ugonjwa wenye jina na wenye tiba. Na ilikuwa haki iliyovunjwa, tena iliyovunjwa mara kadhaa, na mara moja katika hizo iliyevunja ni mimi.

Ndiyo maana jambo la pili la Daktari Njenga ni kubwa kwangu. Mwishoni mwa mwaka 2019 serikali iliunda jopokazi la kuchunguza hali ya afya ya akili nchini, na yeye akawa mwenyekiti. Walipokea maoni ya wananchi, wakatoa ripoti Julai 2020, dunia ikiwa katikati ya korona. Ripoti ilitaka maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa, kama vile yanavyotangazwa maradhi ya mlipuko, na iundwe tume ya kushughulikia afya ya akili. Dharura. Neno hilo sisi tumezoea kulisikia kwa njaa, kwa kipindupindu, kwa ugaidi. Daktari mkubwa kulitumia kwa huzuni ya watu, hilo si dogo.

Miaka miwili baadaye, Juni 2022, ikatiwa saini sheria ya marekebisho ya afya ya akili, iliyotokana na muswada wa Seneta Sylvia Kasanga. Sikilizeni vizuri maana hii ni mali yenu. Mgonjwa wa akili ana haki ya kuelezwa matibabu yake na kutoa ridhaa. Ana haki ya kushirikishwa katika mipango ya tiba yake. Ana haki ya kulindwa asiteswe wala kudhulumiwa. Asibaguliwe, hata katika bima. Na serikali ya kaunti, si ya Nairobi peke yake, ina wajibu wa kutoa huduma hizo. Kaunti ni hii yetu, yenye watu 143,920 kwa hesabu ya mwaka 2019. Ukikutana na mwakilishi wadi wako kwenye harusi, baada ya pilau, muulize.

Na kile kifungu cha 226? Tume ya taifa ya haki za binadamu, pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili Kenya, pamoja na mwanaharakati Charity Muturi, walikwenda Mahakama Kuu wakisema kifungu hiki kinakwenda kinyume na katiba. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi akakubaliana nao. Kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua ni kuuadhibu ugonjwa, na ni kumvunjia heshima yake ya kibinadamu.

Nataka mlione jambo moja hapo. Waliokwenda mahakamani si mawakili na wanaharakati pekee. Chama cha madaktari kilikwenda. Mara nyingi chama cha wataalamu hukaa kupigania mishahara ya wanachama wake, na hiyo ni haki yao. Lakini chama kikisimama mbele ya jaji kumpigania mgonjwa asiyeweza hata kusema jina lake siku hiyo, basi chama hicho kimejua kazi yake.

Najua kuna shehe au kijana mwenye dini yake atauliza: je, sasa mnahalalisha kujiua? Hapana. Kujiua ni haramu, hilo halina majadiliano hapa. Lakini madrasa hiyohiyo iliyotufundisha uharamu wake ilitufundisha kuwa kalamu haimwandikii asiye na akili zake mpaka azirudie. Ilitufundisha pia kuwa tutafute tiba, kwani aliyeleta maradhi ameleta na dawa. Hatuwezi kushika funzo moja tukatupa mawili.

Wala msidhani tiba hii imeletwa na Mzungu kwa meli. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni inayomjia mtu bila yeye kujua imetoka wapi, akaeleza kila moja itibiwe vipi. Hospitali kubwa za Kiislamu, kama ile ya Nuruddin kule Damascus na ile ya Sultan Qalawun kule Cairo, zilikuwa zikiwapokea na wagonjwa wa akili. Shehe na daktari si wake wenza, hawana haja ya kugombea zamu. Msomee ndugu yako Qur'ani, na umpeleke hospitali. Yote mawili, siku moja.

Ila nitasema na upande wa pili, kwa sababu wazee wetu hawakuwa wajinga kuiogopa hospitali ya wazimu. Mathari, Nairobi, ilifanywa nyumba ya wendawazimu na Waingereza mwaka 1910. Tangu 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari mmoja, J. C. Carothers, ambaye baadaye aliandika kuwa akili ya Mwafrika inafanana na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Na mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilimtumia kuandika juu ya Mau Mau, watu wanadai ardhi yao, yeye anawatafutia kasoro katika akili. Elimu ya akili imewahi kutumika kuwanyamazisha watu wanaodai haki. Kwa hiyo mzee akisita, usimdharau. Mweleze kuwa siku hizi wanaoongoza fani hii hapa Afrika ni Waafrika wenyewe, na baadhi yao kazi yao imekuwa kuyafuta maandiko yale.

Jambo la tatu ni fupi lakini ndilo la mitaani kwetu. Unga.

Nimesema Daktari Njenga aliongoza NACADA. Mtaniambia, NACADA si wale wa kukamata? Lakini fikirini maana ya kumweka daktari wa akili kuongoza vita vya mihadarati. Maana yake ni kuwa mtumiaji ni mgonjwa kabla ya kuwa mhalifu. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka uraibu katika orodha ya maradhi. Malindi, hapo jirani, walianza kutoa methadoni mwaka 2015, dawa anayokunywa mraibu wa heroini kila siku mbele ya muuguzi, arosto isimshike, aweze kufanya kazi na kulala kwake. Sisi tunawaita mateja, tunawafukuza msikitini, tunawaficha mgeni akija. Teja ni mtoto wa mtu. Wengine humu ni kaka zenu. Na ukimuuliza kwa utaratibu alianza lini, mara nyingi hakwambii siku ya starehe. Hukwambia siku ya msiba.

Basi nifunge kwa kazi, kwa sababu sikuwaita mje kusikia sifa za mtu.

Kwanza, kamba. Kama kuna nyumba unayoijua ambamo mtu amefungwa, usiende na polisi kwanza wala usipige picha kutuma mitandaoni. Nenda na mtu mzima wanayemheshimu, muongee na familia. Wamechoka, si makatili. Mimi sikuwa katili. Tusaidiane kumfikisha hospitali na kupokezana zamu ya kukaa naye. Familia ikisaidiwa zamu, haitafuti kamba.

Pili, mtu akikwambia amechoka na maisha, usimhubirie papo hapo na usimcheke. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumtii wazo kichwani, kunamfungulia mlango. Usimwache peke yake. Ondoa karibu yake kamba, dawa, sumu. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu. Usiku ukiwa mkubwa na huna wa kumpigia, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba ya bure, 1199. Na mtu yeyote akikutishia kuwa utashtakiwa au mgonjwa wako atashtakiwa, mwambie Mahakama Kuu imeshasema.

Tatu, bajeti. Kaunti inapoita wananchi kutoa maoni, ukumbi huwa mtupu au wamejaa watu waliolipwa nauli. Mwaka huu twende sisi. Tuulize swali moja tu, kila wadi swali lilelile: pesa za afya ya akili ni kiasi gani, na dawa zake ziko zahanati gani? Daktari Njenga na wenzake wameandika ripoti, lakini ripoti haivuki bahari yenyewe kutoka Mokowe. Lazima iwe na wa kuibeba.

Nne, na hili ni la kila mmoja wetu anayefanya kazi ya haki. Mkimhoji mtu aliyeteswa au aliyepotelewa, msichukue maneno yake mkaondoka. Kabla ya kufunga daftari, muulize, unalala? Una nani wa kuongea naye? Rudini wiki ya pili. Nanyi wenyewe, mnaosikia habari hizi kila siku, nanyi mna vifua vya nyama.

Niliahidi kurudi kwenye ile karatasi ya mwaka 2004. Yule aliyekosa rafiki wa kumweleza ndiye aliyeumia zaidi. Nilipofunga kitabu siku ile nilimpigia ndugu yangu simu. Miaka yote ile tulikuwa tukisalimiana tu, habari ya leo, habari ya samaki. Nikamwambia, zile siku tisa, kama ukitaka kunieleza, nipo. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Akasema, "Kamba ulileta wewe." Nikasema, ndiyo, nilileta mimi, nisamehe. Tukakaa vile, hakuna anayekata simu. Wiki tatu baadaye akaanza kunieleza. Hajamaliza mpaka leo.

Alipata daktari. Anatumia dawa. Kuna siku haamki, na mkewe anajua la kufanya, hamfichi tena. Siku nyingi yuko baharini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulikaribia kuumbuliwa.

Huyo ndiye Daktari Frank Njenga niliyetaka mmjue. Hajawahi kumtibu ndugu yangu wala hamjui. Lakini yeye na wenzake katika vyama vyao walisema kwa sauti, kwa miaka mingi, jambo ambalo bibi yangu aliliona kwa jicho lake na sisi hatukumsikiliza: mtoto huyu una yambo. Mwenye jambo haadhibiwi. Hukaliwa karibu, akatafutiwa dawa.

Mkitoka hapa, kila mmoja ampigie mtu mmoja. Mnamjua ni nani. Yule aliyeacha kuja maskani na hamkuuliza kwa nini.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum.